Andika kikomo kabla ya dau la kwanza
Kwa mnaocheza ile minada ya sarafu za kidijitali ambayo wa mwisho kuweka dau kabla ya saa kuisha ndiye anazoa donge: kabla hujagusa simu, andika kwenye karatasi jumla uliyo tayari kuipoteza, ada za mtandao zikiwemo. Jana mwaloni Kirumba nilimwona kijana akiongeza elfu mbili mbili. Kila moja ilionekana ndogo mbele ya donge. Karatasi inakukumbusha jumla. Ukiandika baada ya kuanza, haisaidii, roho imeshanasa. Na sekunde za mwisho usizitegemee kabisa: Agosti 2018, mshindi wa Fomo3D, mchezo wa aina hii kwenye mtandao wa sarafu wa Ethereum, alijaza mtandao miamala ya ada kubwa, madau ya wengine yakakosa nafasi, akaondoka na etha, sarafu ya mtandao huo, zaidi ya 10,000.