Mtoto wako akitukanwa kabila mtandaoni: fanya hivi kabla hujamnyang'anya simu

Wazazi wenzangu, naanza na ile ya maana kuliko zote: mtoto akikuonyesha matusi aliyorushiwa kwa grupu, usimnyang'anye simu. Najua hasira zinapanda na simu ndio iko karibu, lakini watoto wengi wananyamaza kwa sababu hiyo hiyo, anajua akisema tu, yeye ndio atakaa likizo nzima bila simu na wale waliomtukana wanaendelea na zao. Mwambie umefanya vizuri kuniambia, simu inabaki kwako, hii tutaishughulikia pamoja. Halafu mwache aongee mpaka amalize, hata kama anarukaruka na maneno hayashikani.

Hapa Kenya hii kitu ina msimu. Sekondari haziruhusu simu, kwa hivyo grupu za darasa zinalala muhula mzima, shule zikifungwa tu zinaamka zote. Wiki chache za matusi, halafu aliyetukanwa na waliomtukana wanapakia masanduku wanarudi bweni moja. Ndio maana ukiona mtoto wa bodingi anaanza kuumwa tumbo wiki ya mwisho ya likizo usikimbilie dawa za minyoo kwanza, kaa naye umuulize.

Na matusi ya kabila hayafanani na mengine. Mtoto akichekwa viatu inauma, lakini viatu vinabadilishwa. Akichekwa kabila amechekwa yeye na mamake na nyanya yake na jina aliloitwa, na hakuna kitu anaweza kufanya ili waache. Mara nyingi hata halitakuwa tusi la wazi. Kuna msichana wa mtaani kwetu, Mjaluo, alituma voisi kwa grupu akiuliza sule inafunguliwa lini, vile watu wengi wa kwao wanaongea. Mtu akakata hilo neno moja, akalirudisha mara kadhaa na vicheko nyuma yake, kufika jioni kuna stika yenye picha yake ya siku ya michezo na hilo neno chini. Hakuna hata mmoja aliandika tusi, ukiwauliza watakwambia tulikuwa tunacheza tu. Yeye akaacha kutuma voisi, halafu akaanza kumwambia mamake asimwongeleshe Kijaluo kwa simu akiwa kwa matatu. Hiyo ndio dalili ningetaka kila mzazi aishike, mtoto anaanza kuficha kwao. Anabadilisha jina kwa profaili anatoa la ukoo, hataki nyanya aje visiting, Msomali anavua hijabu kwa picha zote kwa sababu kila akiposti kuna mtu anamwandikia Al-Shabaab. Changanya hiyo na kukosa usingizi, chakula kubaki kwa sahani, simu inalia anashtuka, ujue kuna jambo.

Sasa ushahidi, na hapa uharakishe. WhatsApp mtu anaweza kufutia watu wote meseji kwa zaidi ya siku mbili baada ya kutuma, kwa hivyo piga skrinshoti usiku huo huo, na ionyeshe jina la grupu, namba ya aliyetuma, tarehe na saa, pamoja na meseji chache za juu na chini ili ieleweke ilianzaje. Ile picha ya kufunguka mara moja haikubali skrinshoti, basi chukua simu nyingine uipige picha. Kitu kingine watu wengi wanasahau: kama matusi yameandikwa kwa lugha ya mama, andika kando maana yake kwa Kiswahili na kwa nini hilo neno linaumiza. Mwalimu wa darasa pengine hajui hiyo lugha, na wale wanaokagua ripoti huko TikTok na Instagram sidhani wengi wanajua Kikamba ama Kipokot. Neno likiwa kama utani kwa asiyejua, ripoti yako inatupwa.

Ukishaweka ushahidi ndio uripoti na kublok, usianze na kublok. Ukiripoti mtu WhatsApp wanapokea meseji tano za mwisho alizokutumia, na yeye haambiwi. Halafu ingia settings, privacy, groups, uweke contacts peke yake, hiyo inazuia namba ngeni kumrudisha kwa grupu mpya kila akitoka. TikTok na Instagram zina pahali pa kuandika maneno ambayo hutaki yatokee kwa komenti, na unaweza kuandika kwa lugha yoyote, kwa hivyo kaa chini na mtoto muandike yale matusi yote, na vile yanaandikwa kwa kubadilisha herufi ama kuweka namba katikati. Najua si kazi tamu kukaa na mtoto mkiandika matusi yake moja moja, lakini nimeona watoto wakipumua baada ya hapo, kwa sababu hatimaye kuna mtu mzima ameyajua yote. Instagram pia kuna restrict, anayetukana anaendelea kuandika lakini komenti zake anaziona mwenyewe, na hajui. Kwa mtoto ambaye lazima akutane na huyo mtu darasani, mimi naona hiyo ni bora kuliko kublok.

Shuleni nenda kabla ya siku ya kufungua, usingoje. Utaambiwa hayo yalitokea nyumbani wakati wa likizo, shule haihusiki. Usibishane sana hapo, sema hawa watoto wanarudi kulala bweni moja Jumatatu na mimi nataka kujua nani atakuwa anaangalia. Omba mwalimu wa ushauri nasaha ajue, omba kitanda kibadilishwe kama ni lazima, lakini usikubali mtoto wako ndio ahamishwe kila kitu kama yeye ndio amekosea.

Kuhusu sheria, ziko. Sheria ya Watoto ya 2022 inataja uonevu wa mtandaoni, na ile ya uwiano na utangamano ya 2008 inaweka faini mpaka milioni moja ama jela mpaka miaka mitatu kwa matamshi ya chuki ya kikabila. Kwa watoto wa darasa moja mimi ningeanza na wazazi na shule. Lakini kukiwa na vitisho, picha za uchi, ama anayetukana ni mtu mzima, nenda polisi na kwa afisa wa watoto na zile skrinshoti. Na tujitayarishe na 2027, kwa sababu kabla ya uchaguzi wa 2022 NCIC, ile tume ya uwiano na utangamano, ilitoa orodha ya maneno ya chuki, madoadoa likiwemo (hivyo ndio wanaitwa watu wa kabila lingine wanaoishi mahali wanaonekana wageni), na watoto waliyaokota kwa wakubwa wakayapeleka kwa grupu zao. Uchaguzi ni Agosti na shule ndio vituo vya kupigia kura, watoto watakuwa nyumbani na simu mkononi.

Mtoto akisema amechoka kuishi, afadhali asingekuwepo, ama anaanza kugawa vitu vyake, muulize wazi wazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandii hilo wazo, kunampa ruhusa ya kusema. Usimwache peke yake usiku huo, toa dawa na sumu za shambani pahali anaweza kufikia, na mpeleke hospitali. Piga 116, ni laini ya watoto na ni bure, ama 1199 ya Red Cross, hata mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Kuna familia zilikuwa zinaficha kwa kuogopa polisi, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kile kifungu cha kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua kinakiuka katiba, kwa hivyo hiyo isikuzuie kumpeleka mtoto kwa daktari.

Na kama wako ndio anatukana wengine? Usimpige ukadhani umemaliza. Kwanza sikiliza kwenu mnaongea vipi mkila, mnamwitaje jirani wa kabila lingine akishatoka, kwa sababu hilo neno amelitoa pahali. Halafu msamaha auombe kwa grupu ile ile alitukania. Kama alimchafua mwenzake mbele ya watu hamsini, sori ya inbox haitoshi, afute stika, aandike mbele ya wote kwamba alikosea, na wewe uwe umekaa kando yake akiandika.