Kumfundisha rubani wa chopa kubeba mzigo wa kuning'inia huku Mwanza: anza na kuachia

Wakuu, hii nawaandikia walimu wa marubani, na pia rubani mwenye leseni na masaa yake ya kutosha ambaye sasa anataka kuanza kubeba mzigo nje ya chopa, yani ule unaoning'inia chini kwa kamba. Kanda ya Ziwa kazi hizi zina maana sana, fikiria vyuma vya mnara wa simu kupandishwa kilimani ambako lori halifiki, au simenti na mabomba kwenda visiwa vya Ukara au Maisome sehemu ambayo hakuna gati. Ila ni kazi inayoua ikifundishwa kinyume, na naona wengi wanaifundisha kinyume, siku ya kwanza kijana anafundishwa kunyanyua, habari ya kuachia wanaambiana tu kwa mdomo wakati wanatembea kwenda kwenye chopa. Geuza. Rubani ajue kwanza kuuachia mzigo bila kujiuliza, ndo aguse habari ya kunyanyua.

Kwa iyo somo la kwanza mko chini na injini imezimwa. Ndoano ya tumboni inafunguka kwa njia mbili, ya umeme kwa kitufe kilichopo kwenye saikliki (ile fimbo ya kuelekezea chopa), na ya mkono kwa mpini au kivuto, mahali ulipo inategemea aina ya chopa. Mtu mmoja avute pete ya ndoano, ile ya chuma inayounganisha kamba na ndoano, kwenda chini kwa mikono, mwanafunzi amefumba macho, unamwambia "achia", anaachia kwa umeme. Rudia. Afu mwambie umeme umekufa, atafute ule wa mkono akiwa bado kafumba macho. Fanyeni hivyo mpaka mkono unaenda wenyewe, na kila siku ya mazoezi mnaanza na hilo kabla ya kuwasha, sababu mnapima na ndoano yenyewe kama inafunguka. Kama mna kamba ndefu yenye ndoano ya pili mwishoni basi kuna mambo mawili ya kuchagua: ya chini inaachia mzigo kamba inabaki, ya tumboni vyote vinaenda. Kwenye dharura ni ya tumboni, vyote viende, kamba inanunuliwa.

Hapo hapo muonyeshe pete. Watu wanaidharau sana pete. Ikiwa kubwa kupita kipimo cha kitabu cha ndoano inaweza kujigeuza juu ya ulimi (kile chuma cha ndoano kinachobeba pete) na kuufungua yenyewe mzigo ukiwa hewani, ikiwa ndogo sana inabana na siku unayotaka kuachia haitoki. Hakuna kukisia wala kuazima pete ya mtu, saizi imeandikwa kitabuni.

Slingi, yani zile kamba au mikanda inayofunga mzigo, nazo zina hesabu yake ambayo kichwa kinakataa kuiamini mpaka uandike. Mzigo wa kilo 1,000 ukibebwa na miguu miwili ya slingi, pembe ya nyuzi 60 kutoka usawa wa mzigo kila mguu unavutwa kilo 577, nyuzi 45 unavutwa kilo 707, nyuzi 30 kila mguu unavutwa kilo 1,000 nzima. Yani umefunga kamba fupi ili uokoe mita mbili, na kila mguu unabeba kana kwamba mwenzake hayupo. Mwanafunzi achore, apige hesabu, afu asome lebo ya slingi. Lebo imefutika au nyuzi zimekatika, slingi hiyo haipandi tena.

Sasa uzito na hewa, na hapa Mwanza usimsamehe mtu. Uwanja wetu wa ndege uko karibu futi 3,760 juu ya usawa wa bahari. Kwenye kimo hicho joto la kawaida la vitabuni ni nyuzi 7 na nusu, na kila nyuzi moja ikizidi hapo unaongeza futi 120 hivi. Saa nane mchana nyuzi 30, chopa inajiona iko kama futi 6,400. Alfajiri nyuzi 19, inajiona iko kama futi 5,100. Mahali ni pale pale, chopa ile ile, ila asubuhi unabeba na mchana huenda hubebi. Mwanafunzi akikwambia ndoano ya H125, chopa ya Airbus, imeandikwa kilo 1,400 mjibu hiyo ni nguvu ya ndoano, siyo ruhusa ya leo. Afungue chati ya kusimama hewani bila msaada wa ardhi, sababu chopa ikiwa karibu na ardhi, chini ya upana wa mapanga yake, inabebwa bebwa na hewa inayogonga chini, na mapanga ya H125 yana upana wa mita 10.7 tu, wewe una kamba ya mita 30, huo msaada hauupati.

Na mzigo upimwe kwenye mzani. Mfuko wa simenti kilo 50 unajulikana, maji lita moja ni kilo moja, ila mbao mbichi, neti iliyolowa, mchanga uliotoka ziwani, hivyo usikisie hata kama fundi anaapa.

Kabla hamjaruka kuna zoezi moja ambalo nalipenda mno na gharama yake ni ndogo sana. Mwanza mawe tunayo, tafuta jiwe lenye mgongo bapa na upande uliosimama, kimo cha mita nne hivi, ukiona jiwe la hatari tumia baraza ya ghorofa ya kwanza. Mpe mwanafunzi kamba ya mita 5 yenye dumu la lita 5 lililojaa mchanga, chini weka tairi la gari. Kazi yake ni kuliweka dumu katikati ya tairi, kulinyanyua, kusogea hatua mbili, kulituliza, kulirudisha. Atagundua mwenyewe kwamba akilivuta kinyume linazidi, ila dumu likienda mbele na mkono ukalifuata taratibu ukalikuta juu yake mwisho wa bembea, linatulia. Mwambie ahesabu pia: kamba ya mita 5 inaenda na kurudi kwa sekunde 4 na nusu hivi, ya mita 30 ni kama sekunde 11. Ndo mana rubani mgeni anaharibu kwenye kamba ndefu, hana subira ya sekunde 11, anasahihisha mara tatu ndani ya bembea moja.

Haya, hewani. Ruka ya kwanza haina kamba kabisa, ni chopa imesimama juu ya alama na mwanafunzi ameinamisha kichwa kwenye dirisha la kutoa kichwa au mlango uliotolewa, anaangalia chini moja kwa moja badala ya upeo wa macho. Shingo na mgongo vitauma, kila anayeanza vinamuuma, kwa hiyo vipindi viwe vifupi, akichoka anaanza kuyumba na hajifunzi kitu. Wewe mwalimu unakaa upande wa pili na kazi yako kubwa ni geji. Aliyetoa kichwa nje haoni torki (nguvu inayotoka kwenye injini) wala joto la injini, msomee kwa sauti, "torki 70, 75", baadaye mwache ajifunze kurudisha jicho ndani mwenyewe mara moja moja. Na hakikisha na wewe unaweza kuuona mzigo, kwa kioo au dirisha, mwalimu asiyeona mzigo ni abiria.

Kamba ya kwanza mimi naanzia mita 15. Wengine wanaanza na mita 5 wakidhani fupi ndo rahisi, hapana, inabembea haraka na mzigo unajificha chini ya tumbo. Mzigo wa kujifunzia uwe mzito kiasi na mdogo kwa umbo, pipa la lita 200 likijazwa zege linafika kama kilo 480, sasa jaza nusu uweke na ndoano ya nondo katikati. Usianze na simtank tupu wala bati wala plaiwudi. Vitu vyepesi vyenye umbo kubwa vinaruka vyenyewe, vinazunguka, vinapanda nyuma kuelekea panga la mkia. Hivyo ni vya mtu aliyekomaa na spidi yake ni ndogo sana.

Kunyanyua: panda mpaka kamba inyooke, simama, hakikisha uko juu kabisa ya mzigo, hapo ndo uongeze kolektivu (mkono wa kupandisha na kushusha chopa) kidogo kidogo. Ukinyanyua ukiwa umekaa pembeni, mzigo unaanza bembea kabla hata ya safari. Mzigo ukiacha ardhi kama mita moja, tulia hapo. Soma torki. Kuna akiba? Pedali zina nafasi? Kama jibu ni "hivi hivi tu" rudisha chini, toa mifuko miwili, jaribuni tena, na mwalimu amsifu mwanafunzi aliyerudisha kuliko aliyeng'ang'ania.

Ukiwa safarini mzigo ukaanza kubembea, punguza spidi taratibu kwanza, mara nyingi inatosha. Isipotosha fuata ule mtindo wa dumu. Ikizidi na inagusa usalama wa chopa, achia. Hapa ndo inaonekana kama somo la kwanza liliingia. Zoezi la kuachia kweli mkiwa hewani mlifanye pia, kwa magunia ya mchanga juu ya eneo lililofungwa, mwalimu anasema ghafla "achia" na chopa ikishapungua uzito itaruka juu, mwanafunzi auzoee ule mshtuko siku ambayo hakuna shida.

Kushuka ndo sehemu nyingine inayomaliza watu. Ukija na upepo nyuma, spidi ndogo, unashuka zaidi ya futi 300 kwa dakika huku umeweka nguvu, chopa inaweza kuanza kuzama ndani ya hewa yake yenyewe, ukiongeza kolektivu inazama zaidi. Toka kwa kwenda mbele au pembeni, na kwa mzigo mzito usijadiliane na kimo, achia. Dawa yake ni kuja na upepo usoni na kushuka polepole. Na kurudi na kamba tupu ni hatari kuliko watu wanavyodhani, kamba isiyo na uzito mwishoni inaelea nyuma na panga la mkia liko hapo hapo, spidi ya kitabu ifuatwe, kuna chopa zimeanguka kwa kamba tupu.

Ziwa sasa. Asubuhi mapema ni muda mzuri, hewa nzito, upepo mdogo, ila maji yakiwa yametulia kabisa jicho linakosa kimo, unadhani uko mita 20 kumbe 8. Tupa boya au fanya kazi karibu na matete upate kitu cha kupimia. Kadiri jua linavyopanda upepo unageuka unatoka ziwani kwenda nchi kavu, na vilima vya mawe vinauvuruga, halafu korongo wale wakubwa wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba na mwewe wanaanza kupanda na joto. Funga mazoezi kabla ya hapo. Njia ya kupita na mzigo ichorwe, usipite juu ya mabati ya watu, na usidhani ziwa ni tupu, kuna mitumbwi na nyavu zenye maboya. Mzigo ukiguswa na maji unaweza kunasa wavu au magugu maji, rubani anahisi uzito haulingani na ule aliopima, hapo hakuna kuvuta kwa nguvu, ni kuachia. Jaketi la kuokolea linavaliwa, halifungiwi nyuma ya kiti.

Kikosi cha chini: kofia ngumu yenye kamba ya kidevu, miwani, glavu. Maturubai, magunia matupu na kanga zote ziondolewe kabla, upepo wa mapanga unazirusha juu. Ndoano inayoshuka ina umeme wa hewani, iguse ardhi au fimbo ya kutolea umeme kwanza, mtu asiidake kwa mkono mtupu. Anayefunga asisimame kati ya mzigo na jiwe, na kabla ya kazi mkubaliane injini ikizima chopa inaelekea wapi na watu wanakimbilia wapi, pande mbili tofauti. Anayesema kwenye redio ni mmoja, kwa mita, "kumi, tano, tatu, mbili, moja, chini", lakini neno "simama" analo kila mtu hata kibarua wa siku hiyo. Binadamu hanyanyuliwi kwa ndoano ya mizigo. Wamarekani kwenye kanuni zao za Part 133 wamegawa mizigo madaraja manne, A mpaka D, na kubeba watu ndo daraja D lenye masharti yake peke yake, hapa kwetu ongeeni na TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga) kabla ya kununua hata kamba.

Ruhusa ya kubeba peke yake nampa mwanafunzi akiweza mambo matatu asubuhi moja bila mimi kufungua mdomo: kuliweka pipa ndani ya tairi la lori kwa kamba ya mita 30, kukataa mzigo ambao nimeuzidisha makusudi bila kumwambia, na kuachia kwa njia zote mbili nikimshtua. Akikosa hilo la pili tunarudi kwenye chati, hata kama mkono wake ni mtamu. Mizigo yake ya kwanza ya kazi iwe ya simenti, nchi kavu, safari fupi, kisiwani aende baadaye.