Gari la umeme Lubumbashi: kabla ya kulipa garanti (amana ya pango), uliza kabini (transfoma ya mtaa) ni ya nani

Ndugu zangu Watanzania na Wakenya mlioko Lubumbashi, na nyinyi mnaofunga mizigo kuja: gari la umeme hapa linawezekana, na kwa safari za mjini linaokoa pesa. Lakini msilete gari kabla hamjajua umeme wa nyumba mnayopanga unatoka wapi, unapita kwa nani na nani aliuchangia. Nitalirudia hili mpaka mchoke.

Gari lenyewe nalisema kwa ufupi. Wengi wetu tunaangalia Nissan Leaf zilizotumika Japani, zile za mwanzo zenye betri ya kilowati-saa 24, kwa kuwa ndizo mfuko unazifikia. Kulia kwa dashibodi kuna vijistari 12 vinavyoonyesha afya ya betri. Wako wauzaji wanaofuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri ili vyote 12 viwake, halafu ukishalipa vinaanza kudondoka kimoja kimoja. Mtume mtu Dar alijaze chaji, aliendeshe mpaka ipungue, akuletee kilomita halisi. Kumbuka pia kwamba Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Magari ya usukani wa kulia utayaona tele mjini, ila kila kona polisi wa rulaje, yaani wa barabarani, watakuwa na la kukuambia. Forodha, bima na pleti ni mizunguko ile ile mnayoijua: shika wakala wa kueleweka mpakani Kasumbalesa, lipa benki, tunza kila karatasi. Na dola zako ziwe safi, maana noti iliyochanika pembeni kidogo tu haipokelewi hata na muuza vocha, wakati faranga iliyooza inapita mikono kumi bila neno.

Sasa umeme. Nyumbani tumezoea kununua LUKU, unaingiza namba, yamekwisha. Transfoma ikilipuka unapiga simu TANESCO, unanung'unika, unasubiri. Haikuhusu. Hapa inakuhusu. Mitaa mingi ya Lubumbashi transfoma, wanayoiita kabini, ilinunuliwa au kutengenezwa kwa michango ya wakazi wenyewe: nyaya walinunua wao, nguzo walinunua wao, fundi walimlipa wao. Kwa hiyo kila mzee wa avenyu, yaani wa mtaa, anajua ni nyumba ngapi zinavuta pale na nani alitoa kiasi gani mwaka gani. Nyumba nyingi hazina mita, unalipa kiwango kimoja kwa mwezi, uwashe taa mbili au majiko manne. Mgeni anaona hii ni neema kwa mwenye gari la umeme. Ni mtego, na huo ndio ulioninasa.

Komisionea, yaani dalali, aliyenitafutia nyumba kule Kampemba aliniambia umeme upo. Mwenye nyumba akasema upo. Nikawasha taa, upo. Nikalipa garanti ya miezi sita na mwezi mmoja wa komisionea, gari likaingia uani, nikawa nachaji usiku. Majirani walikuja kulitazama, watoto wakacheka kwamba halina sauti. Kisha jioni moja ya mvua kabini ikaungua. Saa moja jioni, wakati kila nyumba imeweka bukari (ugali) juu ya reshoo (jiko la umeme). Gari langu halikuwa hata limechomekwa, waya ulikuwa umekunjwa ndani ya buti.

Kesho yake kikaitishwa kikao chini ya mwembe. Mzee wa avenyu alikuja na daftari la shule la mistari, majina yote yamepangwa, na mbele ya kila jina kiasi cha dola. Mbele ya jina langu kiasi kilikuwa kikubwa kuliko cha nyumba tano zikiwekwa pamoja. Mama mmoja akaniambia kwa upole kabisa, bila chuki: "Papa, motoka yako njo inakula courant yetu yote." Courant ndiyo umeme. Nikaeleza kuhusu waya ndani ya buti. Nikaeleza ampea. Wakanisikiliza vizuri, maana watu wa hapa wana adabu ya kikao ambayo sisi tumeipoteza, kila mtu anapewa nafasi na hakatizwi. Kisha wakarudi kwenye daftari. Mwenye nyumba, ambaye alijua tangu mwanzo kwamba laini yake ilikuwa imeungwa kwa jirani na wala hakuwahi kuchangia kabini ile, alikaa kimya akichezea funguo zake. Nikalipa. Nilipohama, akakata tena kwenye garanti yangu "uharibifu wa umeme". Yaani nililipia kabini ile ile mara mbili.

Wakati wa matengenezo nilimwomba fundi aliyekuja na mita ya kubana waya apime. Gari likichaji kwa nguvu yake ya kawaida linavuta kama kilowati 3. Nyumba ya jirani yenye reshoo mbili na pasi ilivuta zaidi ya hapo. Tofauti ni kwamba reshoo inazimwa bukari ikiiva, gari linaendelea kwa muda wa saa nane. Na tofauti kubwa zaidi ni kwamba reshoo kila mtu anayo, gari la umeme ni la yule mgeni. Sikuwalaumu sana. Ungechangishwa wewe kununua transfoma, kisha akaja mtu na mashine asiyoijua mtu, ungetulia?

Kwa hiyo, kabla ya kulipa garanti, narudia, KABLA, nenda kwa mzee wa avenyu umsalimu. Usipitie kwa komisionea, yeye akishapata mwezi wake humwoni tena. Uliza kabini ni ya nani, nyumba hiyo ilichangia au ilijiunga kwa mlango wa nyuma, na laini imeandikwa kwa jina la nani. Kama inapita kwa jirani, tafuta nyumba nyingine hata kama hii ina vigae na geti zuri. Rudi saa moja jioni na tester, pima kwenye soketi. Panapotakiwa volti 220 ukikuta 170, chaja nyingi zitakataa kufanya kazi, na zisipokataa zitapasha nyaya moto. Kisha andika kwenye mkataba wa pango kwamba unachaji gari, kwa ampea ngapi, saa ngapi, na kwamba kabini ikiungua unachangia sawa na nyumba nyingine. Mwenye nyumba akikataa kusaini hilo, ameshakujibu. Msiseme "tutaelewana". Mimi nilielewana na wa kwangu vizuri sana, na dola zangu zikaenda.

Ukishaingia, chaji polepole. Nunua waya wa chaji unaoruhusu kuchagua ampea, uweke 6. Hiyo ni kama kilowati 1.3, sawa na reshoo moja. Kuanzia saa sita usiku mpaka alfajiri, umeme ukiwepo, unapata kama kilowati-saa 8, na Leaf inakula takribani 15 kwa kilomita 100, kwa hiyo una kilomita hamsini za mjini. Kazini, sokoni Kenya (kata ya hapa Lubumbashi, si nchi), shule ya watoto, inatosha na kubaki. Na umwambie mzee wa avenyu saa zako za kuchaji, akiulizwa awe na jibu.

Umeme usipokuwepo, jamani, msichaji kwa jenereta. Jenereta ndogo ya petroli inatoa kama kilowati-saa 2 kwa lita. Kujaza zile 15 za kilomita 100 utachoma lita saba hivi, na Toyota Probox ya petroli inakwenda umbali huo huo kwa lita hizo hizo bila kuwaamsha majirani ambao tayari wana daftari. Sola inawezekana: paneli sita za wati 550, siku ya jua zuri, zinakupa hizo kilowati-saa 15. Shida yake ni kwamba jua linawaka wakati gari liko kazini, na kuanzia Novemba mpaka Aprili mawingu hayana ratiba. Kama biashara yako ina paa, weka paneli kwenye paa la biashara.

Sasa nyinyi mlioko nyumbani. Kaka yangu hunitumia ujumbe: "Mko juu ya kobalti, betri huko si bei ya kutupa?" Kaka, kobalti ya Kolwezi, hayo madini ya betri, haisimami Lubumbashi hata kunywa chai. Inapita mbele yetu kwenye malori, inavuka Kasumbalesa, inakwenda kusafishwa China. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote duniani, na mimi nilikuwa natafuta volti 220. Tena magari mengi ya umeme ya BYD ya China siku hizi yana betri za chuma na fosfeti zisizo na kobalti kabisa. Na umeme wa mabwawa ya Nseke na Nzilo, pamoja na ule unaoletwa toka bwawa la Inga kwa waya wa kilomita 1,700 hivi, unagombewa na migodi kabla haujafika kwenye reshoo ya mama yule. Hapo ndipo mtu wa kulaumiwa angetafutwa, kama kikao kingekuwa na daftari refu la kutosha. Basi acheni kuniagizia "betri moja tu ya akiba" kana kwamba zinauzwa pembeni ya mkaa.

Mwisho, mwendo mrefu. Likasi ni kama kilomita 120, na Leaf ya zamani iliyochoka haifiki bila kuchaji, usitegemee kukuta chaja njiani. Kukitokea msiba huko, gari libaki uani, upande basi na wenzako.