Unarudi Kigoma na vifaa vya chuo? Soma hii kabla hujafunga begi

Ndugu zangu mlioko nje, hasa nyie mnaosoma masta au PhD Marekani halafu fildi yenu ipo nyumbani, hii inawahusu. Mi mtoto wa Mwanga, Kigoma mjini hapo, na utafiti wangu ni wa Ziwa Tanganyika. Mwaka juzi nilikuwa nimeshakata tiketi, mama ameshapewa tarehe, na kwenye begi nimeshaviringisha kamera ya joto ya labu ndani ya taulo. Ni zile kamera zinazoona joto la mtu au la injini gizani, nilitaka kuhesabu vipe usiku, yaani ile mitumbwi ya kuvulia dagaa inayofungwa miwili pamoja. Siku hiyo tupo kwenye korido supavaiza ananiuliza, hivi umeshaongea na ofisi ya eksipoti kontroli, ile ya chuo inayosimamia vitu vinavyotoka nje ya Marekani? Nikamjibu profesa mi siendi kuuza kitu, naenda fildi.

Kumbe kuuza hakuhusiani kabisa. Kwa sheria ya Marekani kitu kikishatoka nje ya mpaka basi kimesafirishwa, kiwe kwenye kontena au kwenye begi la mgongoni chini ya soksi, kiwe cha biashara, cha zawadi au cha kuazima tu. Na siyo vitu peke yake. Faili ukilituma kwa imeili, ukilifungua kwenye laptopu ukiwa Ujiji, hata ukimwelekeza mtu kwa mdomo mtambo fulani unavyoundwa, vyote vinaweza kuhesabika. Sheria kubwa ziko mbili, EAR ya Wizara ya Biashara, hii inashika vitu vya kawaida ambavyo jeshi nalo linaweza kuvitumia, na ITAR ya Wizara ya Mambo ya Nje ambayo ni ya silaha na vinavyoendana nazo. Juu yake kuna vikwazo vya OFAC, ofisi ya Wizara ya Fedha yao, vya kina Iran na Cuba.

Basi nikabeba kamera hadi ofisini. Dada wa pale akaigeuza, akasoma kibandiko cha nyuma, akaniambia hii inachukua picha 30 kwa sekunde, ipo kwenye orodha ya vitu vinavyodhibitiwa, kwenda Tanzania inataka leseni. Zile za picha 9 kwa sekunde kushuka chini masharti yake ni mepesi zaidi. Ukiziweka mezani mbili pamoja huwezi kuzitofautisha, kinachozitenganisha ni kasi tu! Kwa hiyo usiangalie umbo la kifaa wala bei, mwandikie mtengenezaji akupe namba yake ya orodha, inaitwa ECCN, halafu hiyo namba ndo uende nayo ofisini. Leseni yenyewe serikali haitozi hela, ila inakula wiki nyingi na mi nilikuwa nimebakiza tatu.

Halafu akauliza, hii Kigoma iko wapi, akafungua ramani. Akaweka kidole katikati ya ziwa. Huu mstari ni wa nini, na ng'ambo kuna nani? Aisee hapo nilinyamaza. Sisi ziwa tunaliona moja tu, ukisimama Kibirizi siku anga likiwa safi unaona milima ya Kongo, na wavuvi wanafuata dagaa na migebuka wanakoelekea. Lakini Kongo ndo ina sehemu kubwa kuliko wote, kama asilimia 45 ya ziwa, sisi tuna 41 hivi, Burundi na Zambia wanagawana kilichobaki. Na Kongo ipo kwenye orodha ya Marekani ya nchi zenye vikwazo vya silaha. Maana yake boti ikisogea ikavuka ule mstari na kifaa kipo ndani, kwa sheria yao umekitoa Tanzania ukakipeleka Kongo, hata kama ni mkondo wa maji umewasukuma huku nyie mmelala. Wanaofanya utafiti Kigoma, nawaomba sana, kwenye fomu msiandike Tanzania peke yake mkadhani mmemaliza. Andikeni ziwa, elezeni mtafika umbali gani, na simu iwe na GPS yenye mpaka umechorwa.

Sasa upande wa watu, na hapa ndo pana uvumi mwingi. Hata usiposafiri, ukiwa ndani ya labu huko huko Marekani ukaonyeshwa teknolojia iliyozuiliwa, inahesabika imepelekwa nchi yako. EAR inaangalia uraia wako wa mwisho au ukazi wako wa kudumu wa mwisho. ITAR yenyewe inaangalia uraia wote uliowahi kuwa nao, kwa hiyo ndugu yangu uliyewahi kuwa Mkongo ukaja kuwa Mtanzania, hilo sema mapema, usisubiri likuibukie. Lakini ukiwa na grini kadi, au uliingia Marekani kama mkimbizi, au umepewa hifadhi, hapo huhesabiki mgeni kwenye hii kanuni ya labu. Wapo vijana waliotoka kambi ya Nyarugusu kule Kasulu wakahamishiwa Marekani, wako vyuoni sasa hivi, mtu akikuzuia kuingia labu eti kwa sababu ulizaliwa Uvira, muulize kwa upole anatumia kanuni gani. Ila kukitoa kifaa nje ya Marekani hakuna msamaha, hata Mmarekani wa kuzaliwa anafuata.

Utasikia pia watu wa labu wanasema sisi utafiti wetu ni wa msingi, hautuhusu. Ni kweli nusu. Tangu 1985 serikali yao ina sera kwamba utafiti wa msingi, ambao matokeo yake yanachapishwa wazi, haufungwi. Takwimu zangu za dagaa hakuna mtu anazigusa. Ila hiyo kinga ni ya taarifa na matokeo, haifuniki kamera, droni wala sona, kile kifaa cha kupimia chini ya maji kwa sauti. Na inaweza kupotea kwa saini moja, mfadhili akiweka kwenye mkataba kwamba lazima aidhinishe kabla hujachapisha, au wageni wasishiriki, basi kinga imeondoka. Profesa John Reece Roth wa Chuo Kikuu cha Tennessee alikuwa na mradi wa Jeshi la Anga kuhusu ndege zisizo na rubani, akawaachia wanafunzi wawili, mmoja wa China na mmoja wa Iran, wakaona data, na yeye mwenyewe akasafiri China na nyaraka za mradi. Alitiwa hatiani 2008, mwaka uliofuata akahukumiwa miaka 4 jela, mzee wa miaka 70 na kitu.

Laptopu ya kawaida yenye Windows na vitabu vyako kuja nayo Tanzania kwa kawaida haina noma. Vifaa vya chuo vingi vinapita kwa utaratibu wa zana za kazi, masharti yake virudi ndani ya mwaka 1 na muda wote viwe mikononi mwako au vimefungiwa sehemu salama. Hapa nawajua watu wa kwetu. Shemeji anaomba aangalie kidogo, mjomba anasema niachie hiki si utapewa kingine, mdogo wako anaingiza flashi yenye bongofleva. Mi vyangu nilifungia kwenye sanduku la bati la mama lenye kufuli, funguo shingoni, nikachekwa wiki nzima kwamba nimerudi mganga.

Walioko Uingereza, Mtanzania akienda kusoma masta au PhD kwenye masomo kadhaa ya sayansi na uhandisi anahitaji cheti cha ATAS, yaani ruhusa ya serikali yao ya kusoma masomo hayo, kabla ya viza, ni bure, na tangu 2021 hata watafiti walioajiriwa wanakihitaji. Umoja wa Ulaya wana kanuni yao ya mambo haya haya, namba 2021/821, ofisi ya chuo itakuelekeza.

Na nyumbani napo kuna sheria, tusijifanye wageni. Kibali cha utafiti ni COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, droni inapitia TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na Wizara ya Ulinzi, na sampuli za samaki usizitie kwenye begi la kurudia bila kibali. Airport waonyeshe TRA orodha ya vifaa yenye namba zake na barua ya chuo kwamba vinarudi.

Mwisho wa siku nilisafiri na kamera ya picha 9, ya kuazima labu nyingine, barua imeandikwa mpaka jina la mwalo. Usiku wa tatu dagaa walikuwa wanakimbilia magharibi na nahodha anataka kuwafuata, nikamwonyesha simu, mzee tumebakiza kilomita mbili, turudi. Alinuna mpaka Kibirizi, nikaongeza hela ya petroli. Chuoni dada yule yule akakagua namba za kamera moja moja, akasaini, akaniuliza kwa nini begi linanuka samaki.