Kazi ya miezi mitatu: uiandike au uiache unapoomba uzamili nje?

Hatua ya 1. Soma swali la ajira kwenye fomu ya chuo neno kwa neno. Likitaka kazi zinazohusiana na fani, chagua. Likitaka kazi zote, hakuna mjadala, hata ya wiki sita itaje. Mwishoni unathibitisha kuwa taarifa ni kamili, na udahili unaweza kufutwa hata ukiwa umeshaanza masomo.

Hatua ya 2. CV ni suala jingine: kazi fupi isiyohusiana na unachoomba, itoe. Pengo la miezi mitatu halimshtui mtu. Kinachoharibu ni kuliziba. Mtu kaondoka benki Machi, anaandika Juni ili tarehe zikutane; meneja wake wa zamani anataja Machi kwenye barua ya udhamini, na kuanzia hapo hata yaliyo kweli yanatiliwa shaka. Tarehe za kazi jirani usiziguse kabisa.

Hatua ya 3. Pitisha jicho kwenye insha ya malengo, LinkedIn na orodha ya wadhamini, uone kama kazi uliyoitoa kwenye CV inatajwa huko. Kama bosi wa kazi hiyo ndiye anayekuandikia barua, huwezi kuificha.

Hatua ya 4. Kwa Chevening, ufadhili wa uzamili wa serikali ya Uingereza, piga hesabu kabla ya kufuta kazi. Wanataka saa 2,800 za uzoefu. Wiki 12 kwa saa 35 ni saa 420, si haba. Kujitolea na mafunzo kazini navyo vinahesabiwa.

Hatua ya 5. Viza ya Marekani: fomu ya DS-160 inauliza ajira za miaka 5 iliyopita. Kazi uliyoitoa kwenye CV, huku iandike. Kwa hiyo tunza faili lako lenye kazi zote, tarehe na anwani za waajiri.

MASWALI

Wakuu, nilikuwa karani wa sensa 2022. Ni kazi fupi mno, niitoe?

Mkuu, inategemea fani. Kwa takwimu, demografia au afya ya jamii, iache ibaki: "Karani wa sensa, ajira ya muda, Agosti 2022." Hayo maneno "ajira ya muda" ni muhimu, msomaji asidhani ulitoroka. Ongeza mstari mmoja: kuhoji kaya kwa kutumia kishikwambi. Kwa uzamili wa sheria, itoe tu.

Niliachishwa kipindi cha majaribio. Fomu inauliza sababu ya kuondoka.

Andika "Ajira ilisitishwa katika kipindi cha majaribio", basi. Usimseme mwajiri, wala usijaze aya nzima ya utetezi. Usiandike "niliacha mwenyewe". HR wakiulizwa watasema vingine.

Na chuo nilichosoma muhula mmoja nikaacha, nacho naweza kukiruka?

Hapana. Vyuo vya Marekani kwa kawaida vinataka utaje kila chuo ulichosajiliwa, na transkripti yake (hati rasmi ya matokeo), hata kama hukuhitimu. Anza kuifuatilia mapema kwa msajili, maana ukiwa na ada unayodaiwa wanaweza kukataa kuitoa.