SOMO: Jinsi ya kufunga slaklaini ya mashindano

Wakuu, salaam. Slaklaini ni mkanda unaofungwa kati ya nanga mbili, mtu akapanda juu yake. Mashindano yake yakitajwa, kila mtu anamuwaza yule anayepiga sarakasi hewani. Mimi namuangalia kwanza aliyefunga mkanda.

Somo hili ni la mkanda wa chini, usawa wa goti, mita 15 hadi 20 kati ya miti miwili. Hailaini, ile ya juu ya korongo, haifundishwi kwa maandishi, kwa hiyo msiniulize.

Hatua ya 1: Mti. Uwe mzima, wenye mizizi iliyoshika. Mimi mti wenye kipenyo chini ya sentimita 30 siugusi. Zungushia zulia kuukuu kabla ya kitanzi, maana chakula cha mti hupita chini kidogo tu ya gome, na mkanda unaosugua husaga hapo hapo.

Hatua ya 2: Kitanzi na karabina. Karabina, ile pete ya chuma yenye mlango, ivutwe kwa urefu wake. Iliyochapwa kilonyutoni 22 (kilonyutoni 1 ni kama uzito wa kilo 100) kwa urefu, ikigeuka ikavutwa kwa ubavu, mara nyingi hubeba 7 au 8 tu.

Hatua ya 3: Racheti. Hiki ndicho chuma chenye mpini cha kukazia mkanda. Mpini utazame ardhini. Vuta mkanda kwa mkono mpaka ulegevu uishe, ndipo uanze kusukuma mpini. Mkanda ujizungushe kwenye mhimili angalau mara mbili, usije ukateleza.

Hatua ya 4: Kukaza. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Kwa hesabu tu, tuseme mkanda uko juu vya kutosha usiguse ardhi: chukua mtu wa kilo 80 katikati ya mkanda wa mita 20. Ukinepa mita 1 chini yake, kila nanga, yaani pale mkanda ulipofungwa mtini, inavutwa kwa takriban kilonyutoni 4, sawa na kuning'iniza kilo 400. Ukikaza mpaka unepe nusu mita tu, mvuto unakuwa 8. Mtu ni yule yule na miti ni ile ile! Kanuni yenyewe: uzito mara urefu wa mkanda, gawanya kwa mnepo mara nne.

Mwaka wangu wa kwanza nilikaza mpaka mkanda ukalia kama uzi wa gita, nikajisifu. Jioni racheti ikagoma kufunguka. Nilipoilazimisha iliachia yote kwa mpigo, mpini ukanichapa kifundo cha mkono. Wiki mbili sikushika hata kikombe. Kwa hiyo: usiongeze bomba kwenye mpini ili kupata nguvu, na usisimame nyuma ya racheti.

Hatua ya 5: Akiba. Kamba ya pembeni ishike racheti kwenye mti, ili nanga ikikatika chuma kisiruke. Ning'iniza vitambaa vya rangi kwenye mkanda. Mwendesha baiskeli hauoni.

Siku ya mashindano, nanga zikaguliwe na mtu ambaye hakuzifunga. Mshindani yeyote akisema "sipandi, ile karabina imekaa vibaya", anasikilizwa bila kuzomewa. Na mkazo ukishapimwa haubadilishwi katikati ya raundi. Kwenye trikilaini, yaani slaklaini ya kurukia na kupigia sarakasi, mkanda ndio unaomrusha mtu. Ukiugusa umewapa waliobaki mchezo mwingine.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, somo limenyooka. Mkanda wa kufungia mizigo kwenye lori unafaa?*
Kwa upana, sawa, mingi ni milimita 50. Shida ni historia yake: jua hudhoofisha nyuzi bila kuonyesha, na ule umeshinda juani miaka. Zile kulabu za mwishoni nazo zikichomoka ni risasi. Nunua mpya wa mchezo wenyewe.

*Mimi nikipanda mguu unatetemeka kama cherehani. Nakaza zaidi?*
Hapana, ndugu. Kila anayeanza anatetemeka. Kunja goti, inua mikono, kazia macho nanga iliyo mbele, usitazame miguu. Kama bado, fupisha mkanda.

*Majaji wanatazama nini?*
Kwenye trikilaini: ugumu, aina tofauti za mitindo, kimo cha kuruka, na usafi wa kutua. Anayerudia mtindo mmoja mara sita hapati kitu, hata kama watazamaji wanashangilia.

*Tumefunga leo, mashindano kesho asubuhi. Tuache usiku kucha tu?*
Mfungue. Nailoni ikilowa umande inalegea, vipimo vyenu vyote vinakuwa bure. Halafu kuna mtu atapita hapo gizani, na mkanda uko usawa wa goti lake.