Jinsi ya kupima bakteria wa utumbo wa kindi aliye kwenye usingizi wa baridi

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia mwanafunzi aliyekuwa na sampuli nyingi na grafu isiyosomeka. Mashine zilikuwa salama. Tatizo ni kwamba sampuli zilichukuliwa bila kujua mnyama yuko katika hali gani. Mfano wangu ni kindi wa ardhini mwenye mistari 13 (Ictidomys tridecemlineatus) wa Amerika Kaskazini.

Hatua ya 1. Pata kibali cha maadili, kisha chukua sampuli za kiangazi, mnyama akiwa anakula. Bila hizo huna cha kulinganisha.

Hatua ya 2: Jua kama amezizima au ameamka. Hapa usiharakishe. Kindi huyu halali mfululizo hadi baridi iishe. Huzizima kwa wiki moja au mbili, joto la mwili likishuka hadi kukaribia nyuzi 5 za Selsiasi, halafu hujipasha mwenyewe hadi nyuzi 37 hivi, akakaa hivyo kwa muda usiofika siku nzima, kisha akazizima tena. Bakteria waliomo tumboni hupoa na kupata joto pamoja naye, kwa hiyo sampuli mbili za juma moja zinaweza kutoka katika mazingira mawili tofauti kabisa.

Usimpime kwa kipimajoto cha njia ya haja kubwa. Kumshika tu kunaweza kumwamsha, na ukishamwamsha unapima kitu kingine. Mimi napendelea kihisi kidogo cha joto kilichopandikizwa mwilini kabla ya msimu, kinachoandika kumbukumbu chenyewe. Kama huna, mwagia unga wa mbao kidogo mgongoni mwake akiwa amejikunja. Kesho ukiukuta umetulia pale pale, hajaamka. Ukiwa umepukutika, ameamka wakati fulani, ila hutajua ni saa ngapi, wala kama bado yuko macho, kwa hiyo njia hii haifai kama swali lako linahusu saa. Kwa vyovyote, andika hali ya mnyama kwenye lebo ya kila mrija. Tarehe peke yake haitoshi.

Hatua ya 3. Kinyesi ni haba sana kipindi hiki. Chukua vilivyomo kwenye kifuko cha mwanzo wa utumbo mpana, na ute wa ukutani uweke mrija wake. Gandisha papo hapo, nyuzi 80 chini ya sifuri.

Hatua ya 4. Toa DNA. Vitendanishi (kemikali za kutolea DNA) vyenyewe huja na chembe za DNA ya bakteria, na sampuli za baridi zina bakteria wachache, hivyo uchafu huo huonekana mkubwa. Kila kundi la mirija unayotoa DNA kwa pamoja liwe na mrija mmoja usio na sampuli, nao usomwe DNA pamoja na mingine.

Hatua ya 5: Hesabu jumla kabla ya asilimia. Chakula kikikoma, bakteria wanaotegemea nyuzinyuzi za mimea hupungua, na Akkermansia muciniphila, anayekula ute wa utumbo, hupanda kwa asilimia. Tuseme kiangazi alikuwa na seli 100 kati ya 1,000, na baridi ana 60 kati ya 200. Asilimia imetoka 10 hadi 30, ilhali seli zenyewe zimepungua. Pima jumla kwa PCR ya kiasi, yaani njia ya kunakili DNA inayoonyesha ilikuwa kiasi gani. Grafu ya asilimia tupu mimi siikubali.

Hatua ya 6. Ukitaka kujua wanafanya kazi gani, orodha ya majina haitoshi. Utafiti uliotoka kwenye jarida la Science mwaka 2022 uliwadunga kindi hawa yurea (taka ya mwili yenye nitrojeni, ile ya kwenye mkojo) iliyotiwa alama ya kaboni-13 na nitrojeni-15, atomu nzito kidogo zinazoweza kufuatiliwa mwilini. Mamalia hawana kimeng'enya cha kuvunja yurea, bakteria wanacho. Kaboni ikatoka na pumzi, nitrojeni ikaingia kwenye ini na misuli, zaidi mwishoni mwa baridi. Ukiiga jaribio hilo, weka na kundi la kulinganisha lililopewa antibiotiki ili kupunguza bakteria, kisha anza na pumzi: kaboni-13 isipopanda humo kwa wasiopewa antibiotiki, usipoteze muda kupima misuli.